Jiwe Letu Limeshaingia Shule, Mtoto Bado

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini likizo inakwenda vizuri na kwamba mguu wako umepona tangu ulipoteleza siku ya kufunga shule. Mimi ni mwanafunzi wako wa darasa la sita, yule anayekaa dirishani, ambaye ulimwambia mbele ya wenzake kwamba anaandika vizuri ila hajui kunyamaza kwenye karatasi. Leo nitajitahidi.

YAHUSU: NAFASI YA MDOGO WANGU KATIKA DARASA LA KWANZA, NA JIWE LILILOKUWA LIKIMWAKILISHA

Naandika kwa niaba ya familia nzima. Baba ni seremala na anasema mkono wake umezoea kuandika juu ya mbao, si kwa wakubwa. Mama anafua mashuka ya hospitali, na akirudi jioni vidole vimekunjamana hata kijiko anakishika kwa kubahatisha. Bibi amesema ataniongezea maneno pale yatakapopungua. Amekaa kitandani nyuma yangu na anayaongeza hata yasipopungua.

Mdogo wangu ametimiza umri wa kuanza shule. Nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuomba kitu, huagiza. Tulisoma tangazo mlilobandika getini, kwamba uandikishaji unaanza Jumatatu, nafasi ni chache, na watakaowahi ndio watakaopata. Tangazo halikusema wawahi wapi.

Mtaani kwetu, Mwalimu, mtu hapangi foleni kwa miguu yake. Bombani inasimama ndoo, mwenye ndoo yuko nyumbani anapika. Zahanati tunaacha kandambili. Ukiiruka ndoo ya mtu umemruka mwenyewe, na utaambiwa. Kwa hiyo Jumamosi jioni mama alipokatisha uwanja wa shule akitoka kazini, akaona mawe yamepangwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye ukuta wa ofisi hadi karibu na uzio, hakuona haja ya kuuliza. Alifika nyumbani akihema na kusema kabla hajavua viatu, "Wenzenu wameshapanga, nyie mmekaa."

Baba alisema jiwe la kusimama badala ya mtoto wake haliwezi kuwa la kuokota tu. Alizunguka nyuma ya karakana yake na kulichagua kama anavyochagua mbao, jicho moja limefumbwa, kisha akalipima kwa kile chuma chenye pembe anachopimia miguu ya meza. Lilikuwa la pembe nne kamili, bapa juu na chini. Mimi nililisugua kwa brashi na sabuni mpaka likabadilika rangi, na kwa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka kabati la mteja nikaandika BOSI kwa herufi kubwa. Bibi aliuliza kama jiwe tunalipeleka shule au tunaliozesha. Jumapili mchana tulilisukuma kwa toroli, Bosi akitangulia mbele kuwaambia watu wapishe.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yetu ni kama yafuatayo.

1. Foleni haikuwa na msimamizi anayeeleweka. Jumatatu tulifika mapema, mimi, bibi na Bosi, tukasimama kando ya jiwe letu. Nyuma yetu watu walikuwa wameshaongeza vya kwao: matofali, mawe ya kila namna, na kiti kisicho na kiegemeo. Mstari haukusogea. Kila mtu alikuwa anamtegemea aliye mbele yake, na sisi, ambao ndio tuliokuwa wa mbele kati ya wenye miguu, tulikuwa tunalitegemea jiwe. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alipita, akatupa mkono mmoja mmoja na kutushukuru sana kwa moyo wetu. Tulijua huyu lazima ni mtu wa ofisi. Bibi alimjibu kwamba ni wajibu wetu. Hakutuambia mlango upi utafunguliwa, nasi hatukumuuliza, kwa sababu mtu akikushukuru namna ile unaona haya kumsumbua.

Jumanne tulikuta mawe ya mbele yamepungua. Tulifurahi sana. Watu walipongezana kwamba foleni inatembea. Kuhusu kwa nini inatembea wakati hakuna aliyeonekana akiingia ofisini, kinyozi alieleza kwamba wakubwa huandikisha watoto wao alfajiri, ili wasikutane nasi. Maelezo hayo yalituridhisha wote, maana yalituumiza kidogo na kutupa matumaini kidogo, na mtu akichanganya hivyo viwili huonekana anajua.

2. Mawe yaliyokuwa mbele yetu hayana wenyewe. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Mama wa genge amekana, kinyozi amekana, muuza mkaa amekana hata kabla sijamaliza swali. Na huu, Mwalimu, ni mtaa ambao mtu akinunua birika jipya habari zinafika bombani kabla ya birika lenyewe. Nikahitimisha kwamba mawe hayo ni ya watu ambao watoto wao hatuwafahamu kwa kuwa hawachezi nje. Ushahidi wangu mwingine ni kwamba hakuna hata moja lililooshwa. Yalikaa pale na udongo wake, yametulia, hayana wasiwasi wowote. Mwenye uhakika wa nafasi hahangaiki kusugua jiwe.

3. Jirani yetu fundi saa, ambaye tunachangia naye ukuta, ana mtoto mmoja tu wa umri wa kuanza shule, lakini ameweka mawe matatu. La pili ni la binti yake ambaye bado ananyonya. La tatu ni la mtoto ambaye mke wake alisema, huku akicheka, kwamba hata yeye hajapewa taarifa zake. Nilimuuliza fundi saa kwa adabu kama hiyo ni haki. Alinijibu bila kuondoa jicho kwenye saa ya mteja, "Binti, nafasi haiozi." Nililipeleka jibu hilo nyumbani. Baba akamwangalia mama, mama akamwambia baba asithubutu, na mazungumzo yakaishia hapo.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Jumatano tulikuta jiwe letu halipo. Matatu ya fundi saa yapo, kiti kibovu kipo, letu halipo. Bosi aliangalia pale lilipokuwa, akaniagiza nilirudishe. Nilizunguka nyuma ya ofisi, na pale kwenye msingi wa vyoo vipya nikalikuta limekaa kwenye kona, saruji bado mbichi, neno BOSI likitazama nje.

Nakiri kwamba hapa tulijiponza wenyewe. Fundi asiyejulikana aliyafikia mawe yetu akitafuta la kona, na katika mstari mzima lilikuwepo moja tu lililopimwa, likanyooshwa, likaogeshwa na kuandikwa jina. Tungepeleka jiwe baya, leo tungekuwa na nafasi.

Hata hivyo nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu uliotufundisha katika hisabati, hatua kwa hatua. Jiwe lilisimama badala ya mtoto. Jiwe limeingia shule. Kwa hiyo mtoto ameingia shule. Naona njia mbili tu za kulimaliza suala hili. Ya kwanza ni jiwe lirudishwe mahali pake kwenye mstari, na hapo itabidi ukuta ubomolewe. Hatuiombi njia hiyo, kwa sababu vyoo vya zamani tunavijua. Ya pili ni Bosi ahesabiwe kwamba ameandikishwa tangu siku saruji iliposhika.

Tena naomba uzingatie mwenendo wa jiwe lenyewe. Tangu lipokelewe halijakosa hata siku moja, na hizi ni siku za likizo. Halijachelewa. Halijaongea na jirani yake ingawa wamebanana. Haliombi ruhusa ya kwenda chooni, kwa kuwa liko huko huko. Sisi wa darasa la sita ni wangapi tunaoweza kujisifu hivyo? Mimi simo, na wewe unajua. Likiendelea na mwenendo huu hadi mwisho wa mwaka, naomba mahudhurio yake yaandikwe kwa jina la Bosi, naye apandishwe moja kwa moja kwenda darasa la pili. Kama itakuwepo zawadi ya nidhamu, apewe baba, ndiye aliyelichagua.

Bibi ananiambia niongeze kwamba kwa hesabu hiyo Bosi anaweza kumaliza shule bila kutoka nyumbani. Nimemwambia hilo ndilo tusilolitaka.

5. Lalamiko la mwisho si la shule, lakini sijui pengine pa kulipeleka. Shangazi amejifungua mapacha, na shule zikifunguliwa bibi anakwenda kukaa naye. Mama huondoka kabla hakujapambazuka. Karakana ya baba ina msumeno wa umeme, na Bosi ana vidole vyake vyote, tunapenda aendelee navyo. Akikosa nafasi mwaka huu, lazima mtu abaki naye nyumbani mpaka mwakani. Hakuna aliyesema mtu huyo ni nani. Juzi mama alinishonea sare yangu iliyochanika kwapani, akaipiga pasi vizuri sana, kisha akaikunja na kuiweka juu ya kabati, kule tunakoweka vitu ambavyo hatutavihitaji karibuni. Nilimwona na yeye aliniona. Tukaendelea kuchambua mchele.

Bibi amesoma aya hiyo juu ya bega langu na hajaongeza neno.

Kwa sababu hiyo, Mwalimu, nikisoma tena yale niliyoyaandika juu ya wakubwa na mawe yao, sina uhakika kama namtetea Bosi au najitetea mwenyewe. Nimeona afadhali niliseme kuliko uligundue. Naweza kukaa dawati la mwisho. Bosi anaweza kukaa sakafuni, mradi asijue kwamba wengine wana madawati.

Naomba uwasalimie walimu wote, hasa wa hisabati, umwambie ule utaratibu wa hatua kwa hatua umenisaidia. Msalimie mlinzi wa getini na mbwa wake. Msalimie mama watoto wako na watoto. Baba anakusalimia na kusema meza yako ya ofisini ikicheza mguu umwite. Mama anakusalimia. Bibi anakusalimia na anauliza ule mguu ulikandwa na nani, maana anaona haukukandwa vizuri. Bosi anasema ufungue mlango.

Ni mimi, ambaye ningependa kuendelea kuwa mwanafunzi wako,

Msichana wa dirishani, darasa la sita

Nyongeza: Mwalimu, tafadhali usiijibu barua hii.

Nilipoileta leo asubuhi nilikuta ofisi yako imefungwa. Nyuma alikuwepo yule mzee wa kofia ya sufu, anachanganya saruji. Kumbe fundi ndiye yeye. Nilimsomea lalamiko la nne lote kwa sauti, nikiwa na nia ya kumtia aibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimika koleo kwenye mchanga, akakaa juu ya ndoo na kucheka mpaka akavua kofia. Mawe yale ya mbele ni yake. Yalishushwa na lori Jumamosi, akayapanga mstari ili ajue kama yatatosha msingi. Hapakuwa na foleni. Sisi ndio tulioianzisha, na waliokuja baadaye walitufuata sisi.

"Mwanangu," aliniambia, "nikija kila siku nakuta mawe yamezidi. Nikamwambia mke wangu, watu wa mtaa ule wana moyo, sijapata kuona. Ndiyo maana niliwashukuru kwa mkono." La kwetu lilimfurahisha kuliko yote. Alidhani BOSI ni jina la mfadhili.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza, la pili na la nne nayafuta, na wakubwa naomba wanisamehe. La tatu limegeuka: fundi saa sasa ameichangia shule mara tatu yetu, na sijui nani atamwambia.

Uandikishaji uko upande wa pili, kwenye geti la nyuma. Mwalimu wa darasa la kwanza amekaa pale barazani tangu Jumatatu akijiuliza watoto wa mtaa wetu wamekwenda wapi. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na Bosi mgongoni, mama wa genge na kinyozi wakinifuata na wa kwao baada ya kusikia habari. Mwalimu alimuuliza jina lake, naye akamwambia asogeze kiti kwanza. Ameandikwa.

Haya ninayaandika kwa kalamu ya mwalimu huyo, kwenye kona ya meza yake. Barua sikuichana kwa sababu ulituagiza insha moja ya likizo, na sina nyingine. Amenieleza kwamba muhula wa kwanza watoto wadogo lazima waletwe na kurudishwa na mtu mmoja anayejulikana, akauliza kama nyumbani kwetu yupo mtu atakayekuwa hapa shuleni kila siku. Nilimwambia ni mimi, kwa kuwa mimi nasoma hapa. Akaliandika bila hata kuinua macho, kama jambo la kawaida kabisa.