Masharti ya Miezi Sita

Jumanne, 15 Julai 2025

Hatimaye! Siri ya miaka minne bila mtoto imefichuka leo kliniki. Si uchawi. Si yule shangazi wa mke wangu Paskazia niliyemnunia harusini. Ni kirusi! Kinaitwa HPV, na kimo ndani yangu mimi, Thobias, mchimbaji mwenye duara lake mwenyewe, shimo la mita thelathini.

Daktari Philomena alieleza taratibu. Wanaume wengi wanacho na hawajui, maana mara nyingi hakiumi wala hakiwashi. Kwangu kimekutwa kwenye mbegu, na mbegu zenyewe zinaogelea kivivu. Huenda ndiyo sababu hatujapata mtoto, huenda si hiyo peke yake. Dawa ya kukiua hakuna, ila mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Nitumie kondomu miezi sita, kisha nipimwe tena. Na nimwambie mke wangu, aje apimwe mlango wa kizazi, kwani kirusi hicho huweza kumletea mwanamke saratani. Tusilaumiane, akasema. Kinaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujua kilikotoka.

Nikaitikia yote. Kasoro kumwambia mke.

Nitaanzaje? Mama yangu anamwita Paskazia tasa, mbele za watu, bombani. Nami muda wote nilinyamaza. Tena nilikuwa nashusha pumzi kwa huzuni ili nionewe huruma! Leo niseme ni mimi? Huku jirani yangu Bujiku ana watoto saba, mtaa mzima wa Kalangalala unamwita Baba Ndaki, na mimi naitwa Thobias tu, hata na hao wanawe!

Jumatano, 16 Julai

Nina akili jamani! Imenijia nikinyoa ndevu. Mchimbaji gani asiyejua masharti? Ukitaka dhahabu, mganga anakukataza kitu. Huyu asioge, yule asile samaki, mwingine asimguse mkewe. Hilo la mwisho ndilo langu! Nimemwambia Paskazia nimepewa masharti: miezi sita, kila mtu kitanda chake. Hakuna kondomu, hakuna maswali, kirusi kinajiondokea polepole.

Alinitazama sana. Akauliza mganga ameahidi gramu ngapi. Nikasema kilo. Sijui kwa nini nilisema kilo.

Ijumaa, 18 Julai

Mambo moto! Habari zimefika machimboni. Watu wanne wanataka kuingia ubia kwenye duara langu, duara ambalo kwa miezi minane limetoa maji na chura mmoja. Nimeitwa Bosi! Bujiku alikuja amenuna, akanong'ona akitaka kujua mganga ni nani. Nikamjibu kwamba masharti yangu ni makali, hayamfai mtu wa watoto saba. Raha iliyoje! Jioni nikasikia naye amehamia sebuleni. Ameapa mwaka mzima, ili anizidi.

Jumapili, 20 Julai

Mayo wee! Mama naye amesikia kuhusu kilo. Baada ya misa kaja na furaha tele: kwa kuwa dhahabu yaja na mke hazai, amenitafutia binti wa kuoa huko Kagongwa. Wazazi wake wamekubali. Yote hayo aliyasema Paskazia akiwa mlangoni na sinia la chai.

Paskazia hakulia. Aliweka sinia chini, akaingia ndani, akatoka na begi lake.

Nilifungua mdomo niongeze sharti, nilikuwa nalo tayari, zuri kabisa, la kukataza mke wa pili. Likagoma kutoka. Nilimwona anavyofunga zipu ya begi bila haraka, nikaogopa kuliko siku kifusi kilipotuziba chini. Nikajisikia nasema ni mimi. Mbegu mbovu ni zangu. Nina kirusi, si yeye, hakuna mganga.

Mama akaomba maji ya kunywa. Paskazia akauliza nimejua lini. Jumanne, nikasema. Akahesabu siku kwa vidole. Ndipo akalia. Alisema miaka minne amejiona mti mkavu kwenye nyumba hii, na mimi nilikuwa tayari kumwongezea miezi sita na saratani juu. Nililia pia, na safari hii si kwa ujanja. Nampenda huyu mwanamke.

Jumanne, 22 Julai

Tumeenda kliniki pamoja! Paskazia amepimwa, mlango wa kizazi hauna tatizo, atarudi kwa ratiba. Nimeruka mpaka nikamkanyaga muuguzi. Tumepewa kondomu na maelezo, na masharti yamekufa rasmi. Paskazia anabaki, ila amenipa kazi moja: nisimame kwenye jumuiya, mbele ya mama na majirani, nimsafishe jina. Nimeapa kusema kweli tupu mpaka kaburini.

Jumamosi, 26 Julai

Nimesimama! Nimesema! Paskazia hana kosa, kirusi ni changu. Mama akainuka, akamwomba radhi. Paskazia akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii.

Ila watu walinitazama kwa huruma mno, hasa Bujiku. Huruma ya Bujiku! Nikaona niongeze neno dogo tu. Nikasema kirusi hiki, kwa mujibu wa wataalamu, hukaa kwa mtu ambaye dhahabu yake iko karibu.

Tabasamu la Paskazia likaisha hapo hapo.

Jumamosi, 2 Agosti

Wiki nzima kliniki imejaa wachimbaji. Daktari Philomena amefurahi, hajui wametoka wapi. Mimi nipo tu, kimya, muungwana.

Leo majibu ya Bujiku yametoka. Hana kirusi. Amepita kwangu machozi yanamtoka, ameuliza kama kuna namna ya kurudia kipimo. Paskazia amenitazama, akingoja nimwambie ukweli mtu wa watu.

Nimemshika Bujiku bega. Nimemwambia asikate tamaa, nitamwombea akipate.