Ushuhuda Wangu Ulivyopanda Bei Mpaka Mikumi

Kuumbuka kwa leo kumenigharimu elfu thelathini na nne. Nimehesabu mara mbili. Mgongo sijauweka kwenye hesabu, kwa sababu mgongo, ajabu ya Mungu, ni mzima. Kilichovunjika ni kingine.

Kwa ambao hamnijui (mko wawili, nimeona mmeongezwa kwenye kundi juzi), mimi nachukua mchele Kilosa nauza Mikumi. Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka nilimpelekea magunia manne Mama Tunu, mwenye duka la nafaka pale Mikumi. Vijana wa kushusha wakataka elfu nane. Nikawaambia elfu nne. Wakakaa chini wakaanza kuchezea simu. Nikashusha mwenyewe. Gunia la nne ndilo lililonishusha mimi. Nilisikia kitu kiunoni kikisema "ka", Mama Tunu akaniletea kiti, na vijana wakaniangalia bila kuacha simu zao.

Tangu siku hiyo nikawa nalala chali kama maiti. Kugeuka ilibidi kwanza nimwamshe mke wangu, Mama Neema, anishike bega. Naye alishachoka kuamshwa.

Wiki hii ikaingia Kilosa timu ya maombi inayozunguka. Wana lori dogo la Kenta, vipaza sauti viwili na ratiba: Kilosa, Ulaya (kijiji cha huku huku, si kwa wazungu), Mikumi, Kidodi, halafu Vidunda kule mlimani, kuamsha watu kiroho msimu huu wa Pentekoste. Mama Neema akasema twende. Nikauliza kiingilio shilingi ngapi. Akaniletea viatu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilitegemea kusukumwa kichwa na kupigiwa kelele. Aliyeniombea alikuwa bibi mmoja wa ile timu, Bibi Esta, mfupi, khanga kaifunga juu ya gauni. Aliniwekea mkono kiunoni, akanyamaza mpaka nikadhani amesinzia, akaomba maneno machache, akasema, "Nenda kalale, baba."

Usiku huo nililala ubavu. Hili sitanii. Nililala ubavu mpaka asubuhi, na Mama Neema aliamka mara mbili kuangalia kama napumua.

Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa na elfu thelathini na nne zangu.

Ijumaa wakasema aliyetendewa atoe ushuhuda. Sasa, ninyi mnanijua. Miaka yote ya biashara sijawahi kutaja bei halisi mwanzoni. Ukitaja halisi, mteja anakata, unaumia. Unapandisha, yeye anashusha, mnakutana njiani, kila mtu anarudi kwake na heshima yake. Mdomo umeshazoea. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Nimeteseka na mgongo miaka saba."

(Namba sikuigusa. Zilikuwa wiki saba. Niligusa kipimo tu.)

Nikasubiri wapunguze. Hakuna aliyepunguza. Kanisa zima likasema amina na kuichukua yote saba, bila hata mtu mmoja kuuliza mwisho ngapi. Sijawahi kuona wateja wa namna hiyo. Mama Neema peke yake ndiye aliyeniangalia, na lile jicho nalijua, ni la kusubiri tufike nyumbani.

Kiongozi wa timu, Mwinjilisti Yeremia, akanifuata nje.

"Baba Neema, ushuhuda huu haufai kubaki Kilosa. Kesho twende wote Mikumi."

"Nauli juu ya nani?"

"Juu yetu."

"Nina magunia matatu ya kupeleka huko huko."

"Shahidi apande na mizigo yake," akasema. Nikajiona nimebarikiwa mara ya pili ndani ya siku mbili.

Leo asubuhi tukasimama Ulaya. Mwinjilisti akanitambulisha: mgonjwa wa miaka tisa. Nikamvuta koti.

"Mwinjilisti, ni saba."

"Saba, tisa, utukufu ni wa Mungu."

Sikubishana. Mzigo ukisafiri bei inapanda, hilo halihitaji shule. Na kwa barabara ile, miaka miwili ya usafiri niliona si mingi.

Mikumi tukakuta gari la matangazo limeshazunguka tangu saa moja: njooni mumwone aliyepinda mgongo miaka kumi na tano, sasa anatembea. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ilikuwa imezidi mara mbili ya bei ya Kilosa, na bado hatujafika Vidunda.

Uwanja wenyewe uko karibu na barabara kuu, na unatazamana na duka la Mama Tunu. Nilikuwa nimeshamshushia magunia yake matatu (vijana wa timu wameshusha, bure). Bei tulianza kuizungumza, vipaza sauti vikaanza kuimba, tukaiacha ikining'inia. Mama Tunu si wa kusali huko kwetu. Akabaki mlangoni pake na kisonzo chake cha kupimia, anaangalia.

Mimi nikakaa mbele, viti vya mashahidi. Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja, amekaa juu ya mito miwili, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa kumi na tano?"

Nikatazama barabarani kama nimeitwa.

"Mimi ni Petro," akasema. "Mgongo wangu una miaka kumi na miwili. Mikutano nilishaacha, naletwa, narudishwa, nimechoka kubebwa. Leo binti yangu amesikia lile gari. Nikamwambia, kama wa kumi na tano amepona, wa kumi na miwili hawezi kushindikana. Kanifunga na khanga mgongoni pake, tumekuja na bodaboda."

Binti yake alikuwa amesimama nyuma, bado ameishika ile khanga. Mzee akanitazama kama mteja aliyelipa kabla ya kuona mzigo. Mimi nimeshawahi kuchanganya mchele mpya na wa zamani nikalala vizuri. Lakini mbele ya mzee huyu nilianza kuhesabu hatua za kufika barabarani.

Nikaitwa. "Huyu hapa! Miaka kumi na tano!"

Nikapanda. Nikashika kipaza sauti. Nikamwona Mzee Petro ameshika fimbo kwa mikono miwili, tayari.

"Ndugu zangu," nikasema, "hiyo kumi na tano, tuseme kumi."

"Amina," wakasema. Hawa watu hawapunguzi, nikawaza, nitafanyaje? Ndipo sauti ikatoka ng'ambo, sauti isiyohitaji umeme.

"Kumi ya wapi, Baba Neema?"

Mama Tunu. Hajatoka hata mlangoni.

"Saba," nikasema. Kwa mazoea.

"Punguza."

"Mama Tunu, mkutano unaendelea."

"Na uendelee. Punguza. Si wewe ulinishushia magunia manne hapa hapa mlangoni, kwa ubahili wa elfu nne? Kiti si nilikuletea mimi?"

Uwanja mzima ukageuka kuangalia duka. Kisha ukageuka kuniangalia mimi. Kisha duka. Mwinjilisti akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, nikagundua nimekishika kwa nguvu, kama mzani.

"Basi mitatu," nikasema. Sijui kwa nini. Mdomo ulikuwa unajiendea wenyewe.

"Ilikuwa Pasaka, Baba Neema. Pasaka hii hii."

"Mwaka mmoja, tumalizane."

"Hata mwaka haujafika!"

"Mwisho ngapi?" kijana mmoja akauliza kutoka nyuma, na hapo uwanja wote ukaangua kicheko. Kwaya ilikaa chini. Mpiga kinanda alilalia kinanda, kikalia chenyewe.

Aliyenyamazisha watu ni Mzee Petro. Alipiga fimbo kwenye mguu wa kiti.

"Pasaka mpaka kesho Pentekoste ni wiki saba," akasema. "Hata mtoto wa kipaimara anajua. Ni wiki saba, kijana?"

"Ni wiki saba, mzee."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nimetaja bei halisi, na nimeitajia kwenye kipaza sauti, mbele ya mteja.

Lori la kwenda Iringa likapita likipiga honi ndefu, nikaomba isiishe. Ikaisha. Mwinjilisti alikuwa anakagua viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia ile khanga mikononi mwa binti wa Mzee Petro, naona anaanza kuikunjua wamfunge baba yake waondoke.

"Ngoja," mzee akamwambia. Akanigeukia. "Na kupona je? Hilo nalo lina cha juu?"

"Hapana, mzee."

"Unafanya nini ambacho ulikuwa huwezi?"

"Nalala ubavu."

"Ubavu upi?"

"Wote."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ubavu," akasema, kama mtu aliyetajiwa kijiji alichozaliwa. "Nani alikuombea?"

Nikamwonyesha. Bibi Esta alikuwa amekaa nyuma ya Kenta, kwenye kivuli, anamenya chungwa.

"Nipeleke kwa yule," mzee akamwambia binti. "Huyu tumeshamaliza naye."

Wakaenda. Bibi Esta akafuta mikono, akamwekea mkono kiunoni, akanyamaza kama alivyoninyamazia mimi. Sijui kilichotokea. Wakati wanasubiri bodaboda nilimpelekea mzee soda (elfu moja, sikuomba punguzo), akanywa nusu, akaniomba namba ya simu.

"Nikilala ubavu leo nitakujulisha," akasema. "Nisipolala pia nitakujulisha."

Nikampa namba halisi. Nilikuwa nimeshaanza, nikaona nimalizie.

Mwinjilisti alinisubiri kwenye Kenta.

"Baba Neema, umenifedhehesha."

"Kumi na tano si yangu, Mwinjilisti. Yangu ni saba."

Akapiga hesabu kimyakimya, nikamwona midomo. "Nane ni yangu," akasema. "Sawa. Nitatubu nane, nawe utubu saba." Kisha akaongeza, "Lakini anayepanda bure na mizigo ni shahidi. Mfanyabiashara analipia." Elfu tatu kila gunia. Elfu tisa. Nikatoa zote.

Nikavuka kwa Mama Tunu kumalizia bei ya mchele. Nikataja. Akasema, "Wiki saba." Nikashusha. Akasema, "Wiki saba." Alisema hivyo tu, huku anapanga vibaba, mpaka kila gunia likawa limeshuka elfu nane. Matatu, ishirini na nne. Jumlisha tisa, jumlisha soda. Ndiyo hiyo thelathini na nne, mnaweza kuhakiki.

Naandika haya nimekaa kwenye kile kiti alichonipa Pasaka. Simu iko mkononi na kila ikilia nashtuka, lakini si Mzee Petro, ni ninyi tu mlioshasikia, mnacheka. Mama Neema ameshapigiwa na mtu. Ameniandikia neno moja, "Ubavu?", yaani hata kitanda chetu nimekitangaza kwenye kipaza sauti.

Sasa naomba ushauri, na wa maana. Bibi Esta amesema kesho Kidodi niende, nisimame, niseme kweli yote, nishuke. Nimekubali. Shida ni kwamba malori ya miwa yameshaifikisha habari hii Kidodi kabla yangu, na watu wa kule sasa wanajua kwamba mimi napunguzika. Nikitaja wiki saba watanikata mpaka tatu, na saba ndiyo kweli yenyewe.

Nianzie ngapi?