Pazia la Pili la Muaither

Jumamosi, 2 Agosti 2014 (6 Mfungo Mosi)

Nimeswali alfajiri, nimemaliza nyiradi, kisha nimekaa kuutafakari uenyekiti wangu. Umo hatarini.

Ijumaa ijayo jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki itakula pilau ya Iddi katika nyumba tunayoikodi hapa Muaither, na baada ya kula tutamchagua mwenyekiti. Nafasi hiyo nimeishika kwa unyenyekevu tangu jumuiya iundwe. Mwaka huu anaitaka Abdulrahman, dereva wa Unguja, mtu wa ndevu nzuri na hoja chache.

Juu ya hilo, pana mtihani wa Velma. Alifika Doha kwa jina la kiume, Levis. Ndani ya geti letu ni Velma, na ndiye mpishi wetu. Ukumbi umegawanywa kwa pazia: wanaume huku, wanawake kule. Huku hataki kukaa, kule hakuruhusiwa. Basi kila Iddi hupika, hupakua, kisha hula jikoni amesimama, sahani juu ya friji. Sasa amemtuma Latifa atwambie kwamba amechoka. Atakaa ale na wanawake wenzake, ama hapiki.

Henry, mlinzi wa Kikenya na mwimbishaji wa kwaya ya kanisa kule Mesaimeer, ameapa kuondoka na watu wake Velma akivuka pazia. Abdulrahman amemuunga mkono. Wawili hawa hawajapata kukubaliana hata juu ya chumvi. Latifa, mpokea wageni wa hotelini, ameapa kuondoka na vijana wote Velma asipovuka. Pasipo kambi zote mbili, mimi sina kiti.

Neno moja tu limewaunganisha: jambo hili lisitoke nje ya geti. Nchi si yetu, na mtu hupandishwa ndege kwa machache kuliko haya.

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya hekima. Nimemzuru Henry kwenye kibanda chake cha ulinzi. Nikamwahidi kwamba maadamu mimi ni mwenyekiti, Velma hatavuka pazia la wanawake. Alifurahi, akanimiminia chai, akasema, "Mzee, wewe ndiye nguzo. Hawa vijana wametuona sisi washamba."

Baada ya magharibi nikampigia simu Latifa. Nikamwahidi kwamba maadamu mimi ni mwenyekiti, Velma hatakula tena jikoni wala hatatiwa upande wa wanaume. Akaniita baba.

Ahadi zote mbili ni za kweli. Imebaki kazi ndogo ya kutafuta mahali ambapo si huku, wala si kule, wala si jikoni.

Wote wawili wamenisomea kanuni ya sita ya jumuiya, isemayo kila mjumbe akae upande wake. Wote wawili wameisoma kwa sauti ya ushindi.

Jumanne, 5 Agosti

Alhamdulillahi, nimepata. Nilipokuwa nikitawadha nilikumbuka darsa za ujanani, chuoni Tanga. Vitabu vya fiqhi vimepanga safu za sala: wanaume mbele, wanawake nyuma, na kati yao safu ya khuntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayakuainika. Wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili, wakaliwekea mkeka. Basi na liwe pazia la pili. Chumba cha kati!

Latifa amesema Velma si mtu wa kitabu hicho, hali yake ni nyingine, na kwamba hakuna chumba alichokiomba. Nimemjibu kwamba kanzu nzuri huwafaa wengi. Akauliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikamweleza kwa upole kwamba msuluhishi hamuulizi anayesuluhishiwa, maana huenda akawa na maoni, na maoni huchelewesha.

Abdulrahman anataka kitambaa kizito kisichoonyesha kitu. Latifa anataka chepesi ili asiwe kama aliyefungwa. Fundi wa Kihindi ameagizwa ashone mahameli chini na wavu juu. Alinitazama muda mrefu, akauliza kama ni cha farasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Pazia limetundikwa. Juma, dereva wa basi la jumuiya, alitoboa ukuta kwa keekee, akajilaza chini ya pazia na kulala papo hapo.

Mke wangu Halima alikuja kutazama. Akasema chumba cha kati ndicho chenye kiyoyozi pekee kinachofanya kazi, tena ndimo mlango wa jikoni unamofungukia. Nikamwambia hayo ni mambo ya mafundi, mimi nashughulika na maridhiano. Akasema, "Bwana, umepima ukuta, umepima kitambaa. Yule mtoto wa watu anataka kukaa kitako ale wali. Umemtengenezea zizi."

Wanawake hulitazama pazia wakaona kitambaa.

Velma amekubali kupika. Latifa alimwambia kwamba Maalim ameahidi. Hilo lilinigusa, nikaongeza pindo la dhahabu.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa mkono mzito.

Tulirejea kutoka msikitini jua likiwa kali kama pasi. Upande wa wanaume uligeuka tanuri. Upande wa wanawake vivyo hivyo. Katikati, ubaridi wa peponi na harufu ya pilau. Wa kwanza kuinua pazia alikuwa Henry. Alisema anakagua. Abdulrahman akaingia kumchunga Henry. Latifa akaingia upande wa pili kupinga uonevu, akakaa. Kisha vijana, kwaya, kina mama na watoto wao. Nilibaki peke yangu upande wa wanaume, nikilowa jasho kwa ajili ya kanuni ya sita.

Velma akatoka jikoni na sinia kubwa mikononi. Alikuwa amevaa dera jipya. Chumba alichotengewa hakikuwa na pa kutia mguu. Akasimama. Akauliza taratibu, "Na mimi nikae wapi?"

Henry, paja la kuku mdomoni, akasema bila kuinua kichwa: "Dada Velma, hebu pitisha mchuzi huku, haujatufikia."

Henry akaacha kutafuna. Abdulrahman akamtazama kama aliyesaliti jeshi. Henry akasema ni joto.

Ndipo Halima, aliyekuwa upande wa wanawake peke yake akijipepea, akaita kutoka kule, "Mwanangu, lete sinia huku, nafasi tele." Velma akavuka pazia. Sinia likavuka naye, na kina mama wote wakalifuata sinia. Nilichungulia kwenye wavu nikamwona amekaa chini, miguu ameikunja, anakula. Dari haikuanguka. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa nyama ilikuwa bado.

Msiba ulikuwa kwangu. Henry na Latifa, waliokaa bega kwa bega mwaka huu kwa mara ya kwanza, walianza kuzungumza, wakalinganisha ahadi zangu. Latifa alipiga kelele, "Baba gani huyu?" Henry alisema nguzo imeliwa na mchwa.

Wamemchagua Juma kwa kauli moja, kwa sababu amelala kipindi chote na hakumkosea mtu. Waliomwamsha kumpongeza aliwauliza kama basi limeibwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelala, nimetafakari, nimeliona kosa. Pazia la pili lilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni la tatu, kati ya Henry na Latifa, wasipate kusemezana. Mwaka ujao Juma atakuwa amechoka, nami nitarudi na mpango kamili. Rangi nimekwisha kuichagua.

Asubuhi Velma amekuja na kiporo cha pilau. Amekaa kitako sebuleni na Halima, wanacheka sana. Nilipokuwa nikiupima ukuta kwa majaribio, akasema, "Maalim, kuhusu mwaka ujao, mimi mwenyewe ningependa..."

Nikamwomba asubiri hadi kamati iundwe, na kwa kuwa yupo, anishikie ncha ya utepe.