Zahanati ya Wikiendi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye tumeambiwa gari lake limekwama na ambaye kwa sababu hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kuzingatia itifaki, nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Waheshimiwa wawakilishi wa washirika wetu wa maendeleo mliotoka mjini mkakubali kuketi kwenye viti vyetu vyenye vitambaa. Waheshimiwa wachungaji, mapadri na masheikh. Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wako wote, wakiwemo wale mliogombana. Wazee wetu wa huku pembezoni mwa Ilongero mliokaa chini kwa hiari yenu baada ya viti kwisha. Kina mama, vijana, wafugaji, wakulima wa mtama na alizeti. Na wewe ndugu uliyesimama na baiskeli kana kwamba unapita tu, kumbe umesikia harufu ya pilau: kwa wote wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni, na kwa wote wanaotakiwa kunipa ya kwao, marahaba. (Makofi.)

Kwa wasionifahamu, ingawa sidhani kama wapo, mimi ni Melkizedeki Ntandu, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Filamu, Utamaduni na Maendeleo Mengineyo, kamati ambayo katibu wake kwa sasa ni mimi pia, kutokana na changamoto za rasilimali watu. Ilongero hoyee! (Hoyee!) Filamu hoyee! (Hoyee!) Zahanati hoyee! (Sauti chache: Hoyee.) Hiyo ya mwisho imekuwa hafifu, lakini naelewa, ni jua.

Ndugu wananchi, tuko katika zama za soko huria na utandawazi, zama ambazo kijiji kisichokuwa na imeji hakina soko, na kijiji kisichokuwa na soko hakina wadau, na ndiyo maana kampuni moja ya huko Dar es Salaam ilipotangaza redioni shindano la filamu fupi, kwamba kila kikundi kitapewa neno moja Ijumaa jioni na kitatakiwa kuwa kimetunga, kimeigiza, kimepiga picha na kukabidhi kanda pale mjini Singida kabla jua la Jumapili halijazama, mimi binafsi niliiona fursa hiyo mapema sana, yaani mara tu baada ya Asnath kuja ofisini kunieleza. Asnath, simama watu wakuone. (Asnath anasimama. Vigelegele.) Kaa, wameshakuona.

Huyu Asnath ni mshonaji, cherehani yake mnaijua, iko pale karibu na mashine ya kusaga. Alikuja na mwenzake Nathan, yule anayepiga video za harusi, wakaniomba vitu viwili: ufunguo wa lile ghala letu la zamani la ushirika, ambalo tangu mfumo wa soko huria uanze lilikuwa makazi ya popo, na pikapu ya kamati kwa ajili ya kupeleka kanda mjini. Nikawaambia, wanangu, serikali sikivu haimnyimi kijana, ila kuna taratibu. Nikawauliza, neno mlilopewa ni lipi? Wakasema, "Mlango." Nikauliza, na hadithi yenyewe inahusu nini? Asnath akasema inahusu mama mmoja anayembeba mtoto mgonjwa mpaka kwenye zahanati, anagonga mlango, anagonga, na hakuna anayefungua. Basi. Hapo ndipo filamu inapoishia.

Waheshimiwa, nilisikitika. Nikamwambia, binti, hadithi hiyo haina mtazamo chanya, haijazingatia mafanikio, na zaidi ya yote haina nafasi ya kiongozi. Nikashauri kitaalamu kwamba mlango ufunguliwe, na atakayefungua awe Daktari Mkuu, mtu mzima, mwenye kitambi cha wastani na sauti ya mamlaka, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi nikajitolea kuigiza nafasi hiyo mimi mwenyewe bila posho. (Makofi kutoka meza kuu.) Asnath akanijibu, naye yupo hapa anaweza kuthibitisha, "Mheshimiwa, katika hadithi hii daktari hayupo. Ndiyo hadithi yenyewe." Nikamwambia, "Mwandikeni awepo, ndipo ufunguo nao uwepo." Akamwangalia Nathan, kisha akasema, "Sawa, mzee." Huo ndio tunaouita ubia baina ya sekta ya umma na sekta binafsi.

Jumamosi asubuhi kazi ilianza kwa kasi ambayo, kwa makadirio ya kamati, ilikuwa asilimia mia tatu ya kasi ya kawaida ya kijiji. Ukuta wa ghala ulipakwa chokaa ukawa mweupe kama meno ya tangazo la redio, hata kama redio haina picha. Nathan akachora msalaba mwekundu na kuandika ZAHANATI kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Asnath alikuwa ameshona makoti mawili meupe, moja lake, maana yeye ndiye aliyekuwa nesi, na moja langu, ambalo naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba lilinikaa vizuri. (Kicheko.) Shingoni nikavikwa mpira wa kusikilizia moyo, uliotengenezwa kwa mpira wa baiskeli na kifuniko cha chupa.

Sasa siku hiyo ilikuwa siku ya mnada. Watu waliokuwa wakipita na ng'ombe zao, na wengine na baiskeli zenye magunia, wakaona ule msalaba, na habari katika nchi yetu, waheshimiwa, ina mtandao wake ambao hauhitaji mnara wa simu. Kabla hatujapiga picha ya kwanza, mlangoni palikuwa na foleni. Mzee mmoja anakohoa. Mama mjamzito ameegemea ukuta mbichi, chokaa yote iko mgongoni. Kijana kaja na kidole kilichofungwa kitambaa. Nathan akafurahi mno, akawa anazunguka na kamera huku akisema, "Asnath, umewatoa wapi hawa? Wanaigiza kuliko sisi!" Asnath naye akadhani ni mimi niliyewahamasisha, na mimi nikadhani ni yeye, na kwa kuwa hakuna aliyekanusha, nikaupokea uhamasishaji huo kama wangu.

(Sauti kutoka kwa wananchi: "Sema ya mtoto!")

Nafika huko, ndugu yangu. Hotuba ina mtiririko.

Wakati nimekaa kwenye kiti napakwa poda ili uso usiakisi jua, akatokea mwanamke kutoka bondeni, anaitwa Hana, Mama Loyce, amembeba binti yake mgongoni, ametembea na jua lote lile kwa sababu aliambiwa njiani kwamba dawa imefika. Akaipita foleni yote. Watu wakampisha. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Asnath aliyekuwa amevaa koti la nesi, akasema, "Nesi, alikuwa analia tangu jana. Sasa ameacha kulia."

Nathan alikuwa anapiga picha. Wataalamu wa filamu mtanielewa nikisema lilikuwa tukio zuri sana. Mwanga mzuri, hisia nzuri. Lakini Asnath aliweka kiganja kwenye paji la mtoto, akageuka, uso umembadilika, akasema, "Nathan, acha. Huyu haigizi."

Kisha akamwambia Hana, na hapa nakiri sikufurahishwa na lugha yake mbele ya wananchi, akamwambia, "Mama, nisamehe. Hii siyo zahanati. Mimi ni Asnath mshonaji. Tulikuwa tunaigiza."

Hana akamtazama. Akatazama ule msalaba ukutani. Akasema, "Dada, mimi sijui kuigiza. Nipe dawa."

(Kimya.)

Naam. Mbona mmenyamaza? Mnaruhusiwa kupiga makofi. (Kimya.)

Asnath akanijia mbio na mtoto mikononi. "Mzee, tunaomba pikapu, mtoto ana degedege, tumwahishe hospitali mjini." Nami, kwa utulivu unaotakiwa kwa kiongozi, nikamkumbusha kwamba pikapu hiyo ilikuwa imepangiwa majukumu mahsusi, yaani kupigwa picha ikiwasili na mimi ndani yake, na kwamba matumizi yoyote ya dharura huombwa kwa maandishi mapema. Akasema, "Mzee, muda huo hatuna." Nikasema, "Na filamu je? Mkienda mjini, mtairudia saa ngapi? Kesho jioni ndiyo mwisho. Mtakuwa mmetupa jasho la kijiji kizima." Akalia, waheshimiwa. Machozi yalimtoka kweli kweli, maana shindano lile alikuwa amelisubiri mno, alikuwa amewaambia watu wote, hata cherehani alikuwa ameifungia. Akajifuta kwa mkono wa lile koti, akasema, "Basi filamu tuiache."

Nikafumba macho ili poda isiingie. Nilipofumbua, dereva wangu Simeoni alikuwa ameshawasha gari. Hakuniambia "mzee, naomba," hakuniambia "mzee, kwaheri," alisema tu kwa Kinyaturu neno ambalo sitalitafsiri mbele ya washirika wa maendeleo. (Kicheko kikubwa. Vigelegele vya kina mama.) Asnath na Hana wakakaa mbele na mtoto, Nathan akarukia nyuma, na kamera akaiacha pale pale ilipokuwa, juu ya miguu yake mitatu, inaendelea kurekodi.

Kwa hiyo nilibaki mimi, koti, na foleni. Je, nilikimbia? Sikukimbia, kwa sababu gari halikuwepo. Nilisimama mlangoni nikawahudumia wale wananchi mmoja baada ya mwingine kwa maneno. Yule mzee wa kikohozi nilimwambia ajiepushe na vumbi. Yule mama mjamzito nilimpongeza. Yule wa kidole nilimwelekeza awe na subira. Nawatangazia kwa fahari kwamba asilimia mia moja ya waliofika siku ile waliondoka kwa miguu yao wenyewe, mafanikio ambayo hospitali kubwa kubwa bado zinayaota!

(Mzee mmoja: "Mimi bado nakohoa!")

Ahsante, mzee wangu, maoni yako yamepokelewa.

Mjini huko, kwa taarifa nilizopata, mtoto alitundikiwa dripu. Asnath alikaa na Hana kwenye benchi Jumamosi hiyo na Jumapili yote, bado na koti la nesi, mpaka wagonjwa wengine wakawa wanamwuliza dawa zinatolewa dirisha gani. Jumapili jua lilipokuwa linashuka, wenzao wa vikundi vingine wakiwa wanakabidhi kanda zao hapo hapo mjini, Nathan alimwambia, "Wanafunga sasa." Asnath akamjibu, "Waache wafunge." Na wakati huo huo, Nathan anasema, Loyce akafumbua macho akaomba uji. Yupo pale, mgongoni kwa mama yake, anatafuna ubuyu. (Vigelegele. Makofi marefu. Watu wanasimama.)

Nawashukuru, nawashukuru, pikapu ilikuwa yangu. (Minong'ono.)

Sasa kuhusu kanda. Kiongozi mbunifu hatupi kitu. Ile kanda iliyobaki ikirekodi niliitazama kwa makini, na nikaona nini? Nikaona ukuta mweupe, msalaba, foleni ya wananchi wenye nidhamu, na daktari mwenye haiba. Nikaipeleka kwenye semina ya washirika wetu wa maendeleo, nikawaonyesha bila maelezo mengi, maana picha inajieleza, wakafurahi, wakauliza zahanati hii inahudumia vijiji vingapi, nikawajibu kwamba idadi inaongezeka. Na leo wamekuja kuiona kwa macho yao, hii hapa nyuma yangu. Nawaomba waione wakiwa wamekaa, kwa sababu za kiusalama.

(Asnath anasimama: "Mheshimiwa, waambie wageni wafungue mlango.")

Asnath, ratiba haina kipengele cha mlango.

(Hana anasimama na mtoto: "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi nina swali moja. Huyu akiumwa tena kesho, nikija hapa nitamkuta nani?")

Marahaba, Mama Loyce. Ni swali zuri, na swali zuri halistahili kuharibiwa kwa jibu la haraka. Utakuta mchakato. Utakuta upembuzi yakinifu. Utakuta... Samahani, mama mgeni wetu kutoka kwa washirika, unakwenda wapi? Vyoo viko upande ule. Mama mgeni, huo siyo mlango wa... Simeoni, wewe ni dereva wa nani? Mbona unamsaidia kusukuma? Simeoni!

(Mlango unafunguliwa. Magunia yamepangwa hadi darini. Minong'ono. Mgeni anaingiza mkono kwenye gunia, anatoa konzi ya alizeti.)

Ndugu wananchi, tulieni. Naona niweke jambo hili katika muktadha wake. Katika mazingira ya uchumi wa soko, jengo haliwezi kukaa bure likisubiri wagonjwa, ndiyo maana kamati, katika kikao nilichohudhuria mimi, imelikodisha kwa mwekezaji wa ndani, ambaye mafuta yake ya alizeti, mkumbuke, ni mazuri kwa moyo. Hiyo nayo ni afya! (Zomeazomea.) Waheshimiwa wageni, naomba mrudi kwenye viti. Mbona mnakwenda kukaa chini pale kwa Asnath na Mama Loyce? Pale hakuna vitambaa! Maikrofoni iko huku!

Basi, kwa kuwa pilau linapoa, naomba nimalizie. Ilongero mbele kwa mbele! (Kimya.) Filamu ni afya, afya ni filamu! (Kimya.) Penye nia pana kamati! (Mtu mmoja anapiga makofi, anatazamwa, anaacha.) Nawashukuru nyote kwa kuja kushuhudia zahanati hii, ambayo kwa ushirikiano wetu tumeweza kuibuni, kuiendesha, kuitolea taarifa na leo hii kuifungua rasmi, bila kusumbua mtu hata mmoja kwa kuijenga. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.