Vita vya Kufungua Habari ya Mtaro Mbele ya Mama wa Mchumba

Sogeeni, enyi mliobaki mnasoma, zimeni simu zenu. La, msizime, maana vita ninavyowasimulia vilipiganwa ndani ya simu. Nawapa kisa cha Kalamu, mwana wa fundi saa, mwandishi wa gazeti kongwe lililoshiba zamani kwa matangazo ya vyumba vya kupanga na pikipiki kuukuu, hata matangazo yale yakahamia mtandaoni pasipo kuaga, nalo likaacha kuchapwa, likayafuata huko kwa unyonge.

Siku hiyo Kalamu aliketi sebuleni kwa mama wa mchumba wake, fundi cherehani asiyedanganyika kwa kitambaa wala kwa mtu; binti naye aliketi kando ya Kalamu.

"Gazeti lenu nililinunua miaka na miaka," alisema mama. "Siku hizi silioni. Sasa nimwoze mwanangu kwa mwandishi wa gazeti lisiloonekana?"

Shujaa akasimama, kana kwamba anahutubia majeshi. "Mama, gazeti halikufa. Limo humu mfukoni mwangu, na jina langu limo ndani yake."

Akafungua habari yake ya mtaro wa sokoni ulioziba. Ndipo adui akatokea. Tangazo la godoro likaufunika mtaro wote. Kalamu akakisaka kialama cha kulifungia, kidogo kuliko chawa, kidole kikateleza, tahamaki yumo katika duka la magodoro. Akarudi, jasho likimtoka. Likaja la dawa ya upara, likiimba, akalinyamazisha. La mikopo likamvamia ubavuni, akalifyeka. Alipofika langoni mwa habari, gazeti lake mwenyewe likamzuia: lipia uendelee kusoma.

Salio hakuwa nalo. Aliiona ndoa ikimponyoka, na kwa kweli alitaka kulia.

"Lete hiyo namba ya kulipia," alisema mama. Akavaa miwani, akalipa kwa simu yake, ukurasa ukafunguka. Akasoma yote taratibu, huku binti amemshika shujaa mkono chini ya meza.

"Nilidhani unamdanganya mwanangu. Kumbe kazi unayo."

"Ninayo, mama."

"Na anayekulipa ni mimi."

"Ni wewe, mama."

"Basi rudi sokoni ukaulize nani aliuziba huo mtaro, habari umeiacha nusu. Ukimaliza, uje na wazazi wako."

Na iandikwe kwa vizazi vyote kwamba siku ile gazeti kongwe lilipata msomaji wa kulipa, chumba cha habari kikalipuka kwa vigelegele, mhariri akapanda juu ya kiti kuhutubia taifa. Kalamu hakuwepo kumsikia. Alikuwa mtaroni, suruali ameikunja hadi magotini, akiuliza maswali.