Ubatizo wa Picha ya Katana

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Jumamosi kwaya yetu inakwenda Katana kwa boti, kutazama jumba la sanaa alilofungua Luc mchoraji. Picha yake kubwa itabatizwa, kama tunavyobatiza kitabu au albamu: inamwagiwa bia, inapewa parrain na marraine, yaani baba na mama wa ubatizo. Marraine ni Pascaline. Pascaline wangu! (Hajui bado kwamba ni wangu.) Na parrain? Évariste, mpiga kinanda! Asimame ubavuni mwake mbele ya kamera zote, na koti lake la bluu, na mimi Didier nipige makofi nyuma? Haiwezekani. Évariste ataketi mbele kabisa ya boti, mawimbi yamwoshe. Parrain aliyelowa hafai.

Jumamosi, 10 Agosti

Nilimpa kiti cha mbele kwa heshima zote. Akanishukuru. Nikaketi nyuma, karibu na injini. Bandari ya Nyalukemba haijapotea machoni, injini ikaanza kunitemea ziwa zima. Nililowa hadi soksi! Évariste alifika mkavu kama visamaki vya sambaza vya sokoni. Tena akavua koti, Mkristo yule, akanivika. Nikazidi kumchukia.

Lakini Mungu si Évariste! Mlangoni, Christine wa protokoli, mpokea wageni, alikuwa ameambiwa parrain ni bwana wa koti la bluu. Akanikamata mkono: papa parrain, huku. Évariste akafungua kinywa, akamtazama Maman Emérence, mama yake Pascaline, akafunga kinywa. Akatabasamu. Amekubali kushindwa, maskini!

Nilimwaga bia kwa moyo wote, mpaka Luc akaniomba nimbakizie kona moja kavu. Mkono wa Pascaline ulikuwa juu ya chupa ileile. Picha yenyewe ilikuwa ya nini? Ziwa, nadhani. Sikuiangalia.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa nilimweleza Maman Emérence nia yangu ya kumuoa Pascaline. Akapiga ishara ya msalaba.

"Batizo iko batizo, mutoto yangu. Parrain na marraine beko kaka na dada mbele ya Mungu."

Nikamwambia ni picha tu, na maji yenyewe yalikuwa bia. Akaniuliza kama kwenye harusi ya Kana watu walikunywa maji. Nililia nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, kwa uchungu kweli. Évariste alijua! Ndiyo maana alitabasamu.

Jumatano, 14 Agosti

Ushindi! Évariste amekuja kwangu, mpole kabisa. Anapeleka posa ya Pascaline kwa Maman Emérence. Pascaline hana kaka wa kupokea wageni na kusema kwa niaba ya familia, basi maman amenitaja mimi, kaka wa ubatizo. Nitashika mikrofoni! Nitaketi mbele kabisa, bega kwa bega na Pascaline, kamera zote zikitutazama! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Évariste amejichimbia kaburi mwenyewe. Hata koti la bluu hakulidai. Ameniambia, mjinga yule, nivae hilohilo siku ya posa, maana linanipendeza.