Mabati ya Bluu, Bwana

Jumatano, 6 Mei

Sijawahi kumwambia mtu hili: mimi humpa Mungu vidokezo. Kwa sauti. Karibu na sikio la mwenye uwezo.

Paa letu lina tundu juu ya kitanda changu. Mwaka jana mvua zilipoanza mama alinihamishia kwake, akalala pale yeye, akakohoa msimu mzima. Baba yuko kazini Malaysia. Mama anasema Mungu atatoa, na ole wangu nikimwomba mwanadamu hata msumari. Sawa. Lakini kumwomba Mungu hakukatazwi. Na kama Pu Thawng Hmung, mzee wa kanisa ambaye sote tunamwita Pu, yaani babu, na mwenye duka la mabati, kapiga magoti jirani yangu, kosa langu?

Leo nimejaribu. Kanisani kwetu wote huomba kwa sauti, kwa pamoja, mpaka kengele igongwe. Ngurumo! Mimi sauti yangu ya kuku mgonjwa. Kwa woga nikaanza kwa Kiburma, kama najibu mwalimu, na Mungu hapa Hakha tumezoea kumwomba kwa Kilai, lugha yetu ya nyumbani. Pu Thawng Hmung hakusikia kitu. Nje, Bawi Cung, mtoto wa mchungaji, akaniuliza kama nimemeza mfupa. Mjinga yule.

Jumamosi, 9 Mei

Nimegundua! Sauti za wenzangu ndizo zinazonitia haya. Dawa: pamba masikioni. Nimefanya jaribio nyuma ya banda la nguruwe. Nguruwe wote walisimama. Hiyo ndiyo sauti.

Jumapili, 10 Mei

Bora nife.

Pamba ilifanya kazi. Niliomba kama nabii. Kengele sikuisikia. Nilipofumbua macho kanisa zima limekaa kimya, mimi peke yangu magotini: "...yale ya bluu, Bwana, nyuma ya duka, pembeni ya mapipa. Na misumari usisahau."

Mchungaji akaitikia amina. Bawi Cung alikuwa anang'ata kitabu cha nyimbo asicheke. Njia nzima mama hakuniangalia. Nyumbani alisema jambo moja tu.

"Tial, umemfanya Mungu dalali."



Jumatatu, 11 Mei

USHINDI!

Asubuhi Pu Thawng Hmung kaja na bajaji ya mizigo, mabati juu, wanaume wa kanisa nyuma. Mekundu. Akaniuliza, uso mkavu kabisa: "Ya bluu yameisha, binti. Mungu atakubali mekundu?"

Nikasema atakubali.

Nyundo mpaka mchana. Bawi Cung kanibebea ngazi, mimi nikimwelekeza! Mama kapika sabuti, mahindi na nyama, sufuria kubwa, na kila mara anageukia ukutani kufuta macho. Moshi, kasema.

Wakati wa kula Pu akamweleza mama kwamba mabati aliyatenga tangu Pasaka, alipomsikia bado anakohoa kwenye kwaya. Alikuwa anangoja tu watu wamalize kupanda mahindi. Jana alishtuka, akadhani nimechungulia ghala lake nikajua ametutengea.

Mama akanigeukia. "Umesikia? Kabla hujapiga kelele."

Nimesikia. Mzee mnyenyekevu sana yule. Hataki kujisifu kwamba alinisikia.

Jumatano, 13 Mei

Mvua ya kwanza. Hata tone halijapenya! Nimelala chali naangalia bati langu. Mama yuko kitandani kwake, mkavu, hakohoi. Kaniambia ombi hilo yeye alikuwa akiliomba kimyakimya tangu mwaka jana. Nikamwambia ndiyo maana lilichelewa. Kanirushia kandambili, huku anacheka.

Sasa. Dukani kwa Pu Thawng Hmung, juu ya makopo ya rangi, linaning'inia gitaa. Halina mpigaji. Linanihuzunisha. Na Pu aliahidi kupita mvua ikinyesha, aone kama panavuja.

Nyayo. Mabuti ya mvua, yanapanda ngazi. Ni yeye! Daftari chini ya mto. Magoti chini. Bati lina kelele, itabidi nipaze sa